Mita Sita za Shosho

Klabu yetu haikuanzia uwanjani, ilianzia kwenye dirisha la kanisa. Vijana wa kwaya walikuwa na mazoea ya kupiga danadana nyuma ya kanisa wakisubiri mazoezi ya nyimbo, na Jumamosi moja mpira ukapita katikati ya kioo na kutua mbele ya madhabahu, pale ambapo akina mama walikuwa wakipanga maua ya ibada. Mchungaji hakufoka. Aliwapa ufagio, akangoja hadi kipande cha mwisho kikaokotwa, kisha akawaambia kwa upole kwamba uwanja wa kanisa ni wa waumini na magari yao, na wao watafute kwao.

Golikipa siku hiyo alikuwa mdogo wangu, kwa hiyo kwa hesabu yangu kioo kile kilivunjwa na familia yetu. Nilimsema hadi akachoka. Halafu, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu zisizokaa, nikaketi na kumwandikia barua ya kumwomba mchungaji msamaha. Mwandiko wangu ni mzuri. Vijana walipoiona barua hiyo, wakaamua kwamba mtu mwenye mwandiko na hasira anafaa kuwa katibu, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya mpira bila kujua hata kuotea ni nini.

Tulikuwa tukiishi Waithaka, chumba kimoja cha kupanga, mimi, mdogo wangu na mama. Sisi ni watu wa Ukambani, lakini nilikuwa nimekaa Nairobi tangu nikiwa mtoto wa chekechea na kwetu nilikujua kwa mazishi na harusi tu. Mama alikuwa na kibanda cha mboga. Mimi nilikuwa nimepata kazi Ngara, katika duka la jumla lililouza kamba, mipira ya kunyunyizia maji na makaratasi ya nailoni. Kutwa nzima nilikuwa nikipima vitu kwa misumari miwili iliyopigiliwa kwenye kaunta, mita moja kati ya msumari na msumari. Ilikuwa miaka ile ambapo mwenye simu ya mkononi aliining'iniza kwenye mkanda ili tuione.

Nyuma ya ploti yetu palikuwa na shamba la mjane mmoja aliyeishi peke yake na ng'ombe wake. Mtaa mzima ulimwita Shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Mumewe alipokuwa hai alilima mahindi shamba lote, lakini tangu afariki lilikuwa limelala, limebaki majani mafupi na mpera mmoja kando. Upande wa chini tu ndio aliokuwa akiushughulikia. Huko alikuwa amepanda nepia, zile nyasi ndefu za mifugo zinazomzidi mtu kimo, na alikuwa akiziweka akiba kwa miezi ya kiangazi. Tulikwenda kumwomba uwanja, mimi, mdogo wangu na kapteni, tumevaa nguo za Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne.

Alitusikiliza akikamua. Alipomaliza alifunika ndoo na kutuangalia mmoja mmoja.

"Mimi sitaki pesa yenu, na hamna," alisema. "Lakini hii ng'ombe iko na tumbo. Kila mtu akikuja kucheza, akuje na mzigo moja ya nyasi. Hakuna nyasi, hakuna mpira."

"Na nepia yako, shosho?" kapteni aliuliza.

"Hiyo usiguse. Hiyo ni ya Januari."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, na sijawahi kuona mkataba ulioheshimiwa kama ule. Vijana walianza kutembea wakitazama chini. Walikata nyasi kando ya barabara, kando ya mto, kwenye mitaro ya shule. Winga wetu wa kushoto alikuwa mtunza bustani kwenye fleti za Kilimani, na yeye alileta nyasi laini zilizokatwa kwa mashine, gunia zima nyuma ya baiskeli. Ng'ombe alimpenda kuliko wengine wote. Mimi nilikuwa na daftari, na kila aliyefika niliandika jina lake na mzigo wake, na aliyekuja mikono mitupu nilimrudisha hadi barabarani, hata kama ni mdogo wangu. Wengine walinung'unika kwamba wamejiunga na klabu ya ng'ombe.

Jumamosi kazi Ngara iliisha adhuhuri. Nilikuwa nikifika shambani vijana wanapasha misuli, na mimi nakwenda kuketi na Shosho kwenye ukuta wa zizi, kila mmoja na sufuria yake ya minji, zile njegere za kumenya. Mimi niliangalia uwanja. Yeye aliweka kigoda chake kuelekea upande mwingine, mgongo kwa wachezaji, uso kwa nepia. Kwa miezi mingi nilidhani anachukia mpira. Siku moja nikamuuliza.

"Nikiangalia huko naona mahindi," alisema, akaendelea kumenya.

Sikuuliza tena. Lakini kuanzia siku hiyo nilimpenda yule mama, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nikimsimulia mchezo ili asilazimike kugeuka: sasa wamepoteza, sasa mdogo wangu ameanguka, sasa wanabishana. Naye alinifundisha kwao wanaitaje kila mboga, na akanicheka nilivyotamka.

Mwaka wa pili vijana wakaanza kujiona. Walikuwa wamewafunga majirani wote wa karibu, na sasa walitaka kuingia katika ligi, ile ya chini kabisa, lakini ligi. Nilipanda hadi ofisi ya wakubwa wa ligi, orofa ya tatu katika jengo moja kuukuu mjini, na bwana mmoja mwenye mafua akanisomea masharti. Majina ya wachezaji na picha. Jezi za rangi moja. Barua ya mwenye uwanja. Na uwanja wenyewe, urefu usiopungua mita tisini. Wangekuja kukagua baada ya wiki nne.

Nikamwomba tajiri wangu mabaki ya kamba, nikaipima kwenye misumari yangu mita kumi kamili, nikafunga fundo kila mita. Jumamosi hiyo mimi na mdogo wangu tukapima uwanja. Kutoka kwenye nepia upande wa chini hadi upande wa juu, ambako palikuwa na mstari wa maua, ilitoka mita themanini na nne. Nikapima mara mbili. Kwa kuwa napenda kazi kamili, nikapima pia kutoka kwenye mpera hadi kwenye maua, nikaandika kwenye daftari: kumi na sita. Sikuwa na sababu ya kupima hapo. Mkono tu ulikuwa umezoea.

Tulipungukiwa na mita sita. Nepia haiguswi, hilo lilikuwa neno la Shosho. Lakini upande wa juu, ng'ambo ya maua, palikuwa na kichaka tu, ardhi iliyolala bila mtu, na mimi nikaona dawa hapo. Maua yenyewe yalikuwa ya majani marefu mapana, yenye maua meupe yaliyoinamisha vichwa, yamepangwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona. Nilidhani ni urembo wa shamba.

Shosho hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nyeri kwa binti yake aliyejifungua, na alikuwa ametuachia ng'ombe. Nilitaka arudi akute uwanja wa ligi. Nikawaita vijana, nikashika jembe mimi mwenyewe ili waone sichezi.

Beki mmoja, mzaliwa wa pale pale Waithaka, alisita. "Katibu, haya maua si ni ya Shosho? Tungemuuliza kwanza."

"Maua hayachezi mpira," nilimwambia.

Walicheka, na yeye akacheka nao. Alikuwa mtoto wa ploti za mawe na mageti ya mabati, hakujua kilichomfanya asite, na mimi sikumpa nafasi ya kukitafuta. Ile sentensi yangu nimeijutia kuliko maneno yote niliyowahi kusema. Tuling'oa mstari mzima. Mizizi yake ilikuwa mikubwa kama vitunguu, na jembe lilikata mingine katikati. Mingi tuliitupa kwenye rundo nyuma ya goli. Michache iliyokuwa mizima niliichukua nyumbani, nikaipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia mlangoni petu, kwa sababu ilikuwa mizuri. Kichaka tukakifyeka, magoli tukayasogeza. Mita tisini, fundo kwa fundo.

Shosho alirudi Alhamisi jioni. Nilikuwa nimetoka kazini mapema makusudi. Aliingia na mkoba wake begani, akapita zizini, akamsalimu ng'ombe, kisha akatazama juu ya shamba na kusimama.

"Nani alitoa itoka?" aliuliza.

"Ni mimi, shosho," nilisema, na nakumbuka nilikuwa nikitabasamu.

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisimama hapo uani nikisubiri, nikidhani anaweka mkoba atoke. Hakutoka.

Kesho yake aliniambia, bila kelele, na afadhali angenipigia kelele. Kwao, yale hayakuwa maua. Itoka hupandwa mpakani. Mumewe na ndugu ya mumewe walipogawana shamba la baba yao waliipanda siku moja, mbele ya wazee, kila mmoja akishika upande wake, na yeye Shosho, bibi harusi wa juzi, ndiye aliyebeba maji ya kumwagilia. Hakuna karatasi iliyowahi kuandikwa. Hati ya shamba ilikuwa bado na jina la mzee aliyekwishakufa zamani. Kilichosema hapa ni pako na pale si pako kilikuwa mstari ule tu. Kile kichaka kilikuwa cha shemeji yake, mstaafu aliyekuwa akikaa Nakuru, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitafuta pa kujenga nyumba za kupangisha.

"Sasa atakuja," alisema Shosho. Hakuniambia niketi.

Alikuja, kabla hata wiki haijaisha. Sijui nani alimpigia simu. Alifika na fundi na nguzo, akatembea shambani na kofia yake nzuri, na nguzo ya kwanza akaisimamisha kando ya mpera. Mpaka, alisema, siku zote ulikuwa kwenye mpera. Mita kumi na sita ndani ya shamba la mjane. Shosho alisimama mbele ya ile nguzo akakataa kuondoka, hadi naibu wa chifu akaja na kusema wazee wa ukoo wakutane Jumamosi waamue. Naye aliyeng'oa awepo, aseme aling'oa wapi.

Nikawauliza vijana wanakumbuka nini. Kila mmoja alinionyesha mahali pake. Tulikuwa tumefyeka, tumechimba, tumesawazisha na kukimbia juu yake siku nyingi. Shahidi wa hakika alikuwa mmoja tu, daftari langu.

Yule shemeji wa Shosho alilijua hilo pia. Alhamisi aliingia dukani Ngara, akanunua kamba ambayo naamini hakuihitaji, na nilipokuwa nikimpimia akaanza kuongea kwa sauti ya baba wa watu.

"Binti yangu, nasikia ninyi mnataka ligi. Ni jambo jema, vijana wasiwe wavivu. Mimi sina ubaya. Ukisema Jumamosi kwamba maua yalikuwa karibu na mpera, mimi nitawaandikia barua. Miaka mitatu mtacheza, upande wangu na upande wake, mita zenu zote."

"Na baada ya miaka mitatu?"

"Miaka mitatu ni mingi. Mtakuwa mmeshakuwa timu kubwa."

Nilimkatia kamba yake. Ningependa kusema kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwambia nitafikiria, na nilifikiria kweli. Jioni vijana walikuwa wamekwishasikia, kwa sababu alikuwa amepitia kwao kwanza.

"Sis, fikiria tu," mdogo wangu aliniambia. "Ni mita kumi na sita. Shosho ako na shamba kubwa, na hatalima tena. Sisi tukikosa hii ligi saa hii, nani atatushikilia? Kila mtu ataenda njia yake."

Alikuwa akisema kweli. Niliwajua wale vijana. Wawili walikuwa wameanza kuvuta vitu nyuma ya mabanda kabla ya klabu, na mmoja alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba mzigo wa nyasi ndio kitu pekee anachoamkia. Kuna mtu aliyenidai ukweli na kuna watu ishirini walionidai ligi, na wote nilikuwa nimewakosea kwa jembe moja.

Mama alikuwa akichambua sukuma wiki. Hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya mpira. Nilimweleza yote nikidhani ataniambia nisali.

"Kwetu mpaka ni nini?" aliniuliza.

"Mkonge," nilisema. Hilo hata mimi nilijua. Ukambani kila shamba limezungushwa safu ya mkonge, na hakuna mtoto anayeugusa. Ungenipa jembe nikiwa na miaka sita na kuniambia ning'oe mkonge, ningekimbia kumwita mtu mzima. Na hapa, mtu mzima, mwenye kazi na mwandiko, niliona safu iliyonyooka shamba zima na nikadhani ni urembo, kwa sababu ilikuwa na maua meupe na si miiba.

"Baba yako alipokufa," mama alisema, "nilirudi kutoka mazishini nikakuta mkonge umehama. Safu nzima. Walikuwa wameupanda upya vizuri, wameumwagilia maji. Niliwauliza majirani, kila mtu akasema hakumbuki ulikuwa wapi." Akaendelea na mboga zake. "Nilikuambia tulikuja Nairobi kutafuta kazi. Ulikuwa mdogo."

Nililala nikijua nitakachosema, na nikijua mdogo wangu hatanisamehe upesi.

Jumamosi walikuja wazee wanne na naibu wa chifu. Viti vilitoka kwa majirani. Vijana walisimama upande wa goli, wamejipanga kama wako darasani. Nilisimama nikiwa nimeshika daftari, nikasoma: kutoka kwenye mpera hadi kwenye maua, mita kumi na sita. Nikasema niliyang'oa mimi, sikutumwa na mtu, na mwenye shamba hakuwepo.

Shemeji yake Shosho alicheka kidogo. "Huyu si wa hapa," aliwaambia wazee. "Amekula minji ya huyu mama mwaka mzima. Kitabu mtu anaweza kuandika hata jana."

Mzee mmoja, mfupi, mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, aliniuliza kama kamba ile ninayo. Nilikuwa nayo. Mdogo wangu ndiye aliyekuja kushika ncha ya pili, bila kuniangalia usoni. Tulianza kwenye mpera, tukaihamisha kamba mara moja huku tukihesabu mafundo kwa sauti, na kwenye la kumi na sita yule mzee akaomba panga. Alipiga magoti akaanza kuchimba. Alichimba pole pole, kama mtu anayetafuta viazi. Mara akashika kitu, akakipangusa kwenye koti na kukiinua: nusu ya mzizi, mweupe, umekatwa na jembe langu. Akasogea hatua moja kando, akachimba tena, akatoa mwingine.

"Inatosha," alisema naibu wa chifu.

Wakaamua kwamba aliyeng'oa ndiye atakayepanda. Nilikimbia nyumbani nikabeba makopo yangu, vijana wakachakura lile rundo nyuma ya goli na kupata mizizi mingine ambayo bado ilikuwa na uhai. Nilipanda kwa mikono yangu, kona hadi kona, nikifuata kamba. Shosho alikuja na ndoo ya maji. Pale nilipochimba shimo fupi aligusa bega langu ili nichimbe zaidi. Nililia, nikajifanya ni jasho. Yule bwana aling'oa nguzo yake kwenye mpera na kuisimamisha ng'ambo ya itoka, kwenye ardhi yake halali, na nyingine baada ya hiyo, hadi waya ukafunga upande wote wa juu.

Uwanja ukarudi kuwa mita themanini na nne. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumamosi iliyofuata.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Mdogo wangu alikula chakula changu bila kuongea nami. Mazoezini walifika saba, kisha watano. Kila mmoja wao alikuja na nyasi, lakini waliziweka zizini na kuketi tu. Niliandika mizigo mitano kwenye daftari na nikaona kurasa nyeupe zilizobaki, nikafikiri hivi ndivyo klabu inavyokufa, bila mtu kutangaza. Ijumaa nilimwambia kapteni kwamba nimeomba ruhusa kazini na kesho nitakuja kuwaambia wakaguzi wenyewe, wasisumbuke kupima.

Jumamosi asubuhi nilifika shambani mapema. Kabla sijapita mpera nilisikia panga. Shosho alikuwa ndani ya nepia, sketi ameifunga kiunoni, gambuti miguuni, anakata. Alikuwa amekata karibu nusu ya upana wa uwanja, na shina moja moja alikuwa akiling'oa kwa jembe ili lisichipuke. Nyasi za Januari zilikuwa zimelala chini, marundo kwa marundo, na ng'ombe amefungwa kando anatafuna asiamini bahati yake.

"Shosho, unafanya nini?"

"Leta ile kamba yako," alisema. "Macho yangu haiwezi kujua mita sita."

Nikayatazama yale marundo. "Na ng'ombe atakula nini kiangazi?"

"Si mtaleta," alisema, kama kwamba nimemuuliza jua litatokea upande gani. "Mzigo mbili sasa. Andika."

Nikaandika. Niliandika mbio mbio, na ule ndio ukurasa wenye mwandiko mbaya kuliko yote katika daftari langu. Kapteni alifika akaona, akachukua panga kutoka mkononi mwa Shosho. Akafika winga na baiskeli yake. Akafika yule beki wa Waithaka na majembe mawili ya kwao. Mdogo wangu alikuja mwisho kabisa, akasimama kwa muda, kisha akashika ncha ya kamba bila kuambiwa na kuninyooshea nyingine. Kufikia saa tano asubuhi goli la chini lilikuwa limesimama mahali palipokuwa na nepia, udongo bado mwekundu, na bwana mwenye mafua alipofika na mwenzake kupima walipata tisini na hatua moja juu. Aliuliza mbona uwanja una harufu ya majani mabichi hivi.

Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa hapo hapo. Jezi zilikuwa za kijani, mitumba ya shule fulani ambayo mama alikuwa ameifumua nembo jioni baada ya jioni. Itoka ilikuwa imeshika, majani yamesimama nyuma ya goli la juu, na mpira ulipoviringika huko vijana waliufuata kwa vidole vya miguu. Zizini palikuwa na mizigo zaidi ya arobaini, kwa sababu hata watazamaji walikuwa wameambiwa.

Nilikuwa nimeketi kwenye ukuta na sufuria yangu ya minji. Shosho alitoka nyumbani akiwa na kigoda. Nikajisogeza kidogo kama kawaida, nikaanza kumsimulia: wameingia, wanarusha sarafu. Hakuketi. Alitazama upande wa chini, ambako sasa goli lilisimama mahali pa nepia, akabeba kigoda chake hadi chini ya mpera, akakiweka kuelekea uwanjani, na kuniita niende na minji.

Tulifungwa mabao matatu. La pili lilipita katikati ya miguu ya mdogo wangu. Shosho alikuwa akimenya na kutazama, anatazama na kumenya, na karibu na mapumziko aliniinamia.

"Sisi ni wale wa rangi gani?" aliuliza.

"Sisi ni wale wa kijani, shosho."

Aliitikia kwa kichwa, akawatafuta kwa macho, mmoja baada ya mwingine, hadi nafikiri akawapata wote kumi na mmoja. Aliketi hapo mpaka filimbi ya mwisho, na mchana wote hakutaja mahindi hata mara moja.